Miaka Thelathini Nikionja Matango Nisiyoyapenda

Siku ya yenga, yaani Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua ya alfajiri ililaza vumbi jekundu la malori, na sasa jua limetoka kwa unyonge, kama mtu aliyechelewa misa anayetafuta kiti cha nyuma. Kichwa bado kizito. Hii ni siku ya nne ya vidonge vya kinini, malaria imenikamata vizuri. Masikio yanalia kama transfoma, na kila kitu ninachotia mdomoni ni kichungu: chai, ugali wetu wa bukari, mate yangu mwenyewe. Hata busu la mke wangu Odette, lakini hilo sikulisema, maana nina nia ya kuzeekea katika nyumba hii.

Hata hivyo nimevimba kifua tangu adhuhuri. Si homa. Ni fahari.

Leo Mama Ngalula alikuja kuona matango yake.

Wewe shajara unanijua, lakini niseme tena kwa ajili ya wageni: mimi sipendi matango. Kwetu Kolwezi tunayaita konkombre, na kubadilisha jina hakujanisaidia. Wanaoyapenda wananiambia, "Lakini ni maji tu, hayana ladha!" Sasa hapo ndipo tunapoachana. Kwangu yana ladha. Kwanza inakuja baridi yenye harufu ya majani yaliyokatwa, halafu, nyuma kabisa ya ulimi, uchungu mwembamba unapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi bila viatu ili asisikike. Wengine hawamsikii. Mimi namsikia tangu kidato cha kwanza cha ngazi.

Binti yetu Chantal, anayesomea udaktari Lubumbashi, alinieleza mwezi uliopita kwa simu. Alisema tango limebeba uchungu wake mwenyewe wa kujilinda na wadudu, mwingi zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, na unazidi mmea ukikosa maji. Na ulimi wa watu si mmoja. "Papa, kuna batu ulimi yao inakamataka uchungu mbio kuliko ya bengine. Banazaliwaka nayo. Haiko kiburi." Nilimwomba arudie neno la mwisho kwa sauti, Odette asikie.

Maana utotoni niliitwa mengi. Mteuzi wa chakula, mtoto wa askofu, tumbo la kizungu. Jina lililobaki ni Labo. Nitaeleza lilitoka wapi.

Baba alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya migodi. Alikuwa mchukua sampuli. Jiwe likitoka shimoni yeye ndiye aliyelivunja, akachukua kipande, akakitia kibandiko chenye namba, akakipeleka kupimwa kama kina shaba ya kutosha. Na kila mara alichukua vipande viwili. Kimoja kinakwenda kupimwa. Cha pili kinafungwa na kuwekwa kabatini bila kuguswa. Hicho walikiita témoin, yaani shahidi. Vipimo vikigombaniwa, shahidi anatolewa kabatini. Baba aliishi hivyo hata nyumbani: funguo mbili, miwani miwili, picha mbili za harusi.

Tulikaa nyumba hii hii ya kambi ya wafanyakazi. Ng'ambo ya ukuta alikaa Mama Ngalula, mumewe fundi wa mashine, na mtoto wao Mukendi. Babu wa Mama Ngalula ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akafiwa na mama yake hapa. Wakati kampuni ilipoanza kufa, mishahara ikikawia miezi halafu isije kabisa, na posho ya unga ikikatwa, wanawake wa kambi waling'oa maua mbele ya nyumba wakapanda mboga. Mama yangu alipanda lengalenga. Mama Ngalula alipanda matango, akawa anayauza sokoni Manika, na mengine anatupitishia juu ya ukuta. Tuliyapokea kwa shukrani kubwa. Tukayapa mbuzi.

Ndiyo. Huo ndio ukweli wa familia yangu. Hatukuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kula tango.

Halafu zikaja hotuba kwenye redio, mikutano, nyimbo. Ikasemwa kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi zetu, kana kwamba kazi zilikuwa bado zipo za kuliwa. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na vitambaa vyekundu kichwani. Nasema vijana, lakini niseme vizuri: vijana wetu. Wawili walikuwa wanaimba kwaya moja na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Siku walipofika kwa Mama Ngalula, baba alifunga dirisha.

Nimeandika mengi hapa juu ya baba, mengi ya kuchekesha. Hili sijawahi kuliandika. Alifunga dirisha, akakaa juu ya kitanda na viatu vyake miguuni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Nje tulisikia sahani zinavunjika. Mimi nilikuwa chini ya meza, na sikulazimishwa na mtu.

Mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakupigana na mtu, hakuhubiri. Alikwenda akashika upande mmoja wa sanduku la Mama Ngalula, mwenyewe akashika wa pili, wakatoka nalo barabarani mpaka gare, stesheni ya treni, nusu saa ya mguu. Kijana mmoja akampigia kelele: "We mama, unabeba bitu ya bilulu?" Wadudu, ndivyo walivyowaita.

Mama hakusimama. Alisema, "Mi nabeba sanduku. Weye unabeba nini?"

Kijana huyo alikuwa na redio ya watu begani.

Gare ya Kolwezi ilijaa watu waliongoja treni ya kuwapeleka Kasai, kwao kusikokuwa kwao. Walingoja majuma na majuma, mvua ikiwanyeshea, chini ya mifuko ya plastiki na mabati ya kuokota. Watoto waliugua. Wengine hawakupanda treni kamwe, walizikwa hapa. Mama alikwenda kila baada ya siku mbili na sufuria ya bukari kichwani, nami nyuma yake, maana aibu ya chini ya meza ilikuwa bado inaniwasha. Siku moja alimwuliza Mama Ngalula, "Nikuletee nini kwa nyumba?" Nilidhani ataomba kiti, au cherehani kama imebaki. Akasema, "Konkombre zangu. Zisioze bure."

Tukamletea. Alikuwa ameketi juu ya lile sanduku. Alichukua tango, akakata kichwa cha upande wa kikonyo, akakisugua mviringo juu ya tango lenyewe mpaka likatoka povu jeupe, akalifuta, akala, akawagawia waliokuwa karibu. Siku ile watu walicheka kidogo kule gare. Akabakiza moja, zuri kupita yote, nene na nyoofu. Akamrudishia mama.

"Hii musiikate. Iache ikomae mpaka ikuwe manjano, utoe mbegu. Unilindie mpaka nitarudia."

Mama akasema, "Nitalinda."

Treni ikaja, ikawachukua. Mama akarudi nyumbani na tango moja mkononi, na neno lake.

Sasa tazama tatizo, shajara. Mama wa watu ameahidi kutunza matango katika nyumba ya watu wasiokula matango. Utajuaje kama mbegu imebaki nzuri? Aliyeleta jibu ni baba, ambaye tangu siku ya dirisha alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Jioni moja alikuja na vibandiko vyake vya kazini, vya bati, vyenye namba. Akafunga kimoja kwenye kila shina. "Kila mti tunakamata tunda moja," akasema. "Tunakata kipande kwa kikonyo, pale uchungu iko mingi. Mutu anaonja. Kama iko uchungu, ule mti tunaung'oa, mbegu yake haipite. Kama hapana, matunda yake ingine tunaacha yakomae."

"Na nani ataonja?" mama akauliza.

Wote wawili wakageuka, wakanitazama. Mimi, mteuzi wa chakula, tumbo la kizungu, mtoto aliyetema tango mbele ya padri.

Baba akasema, "Huyu njo laboratoire."

Maabara, kwa ufupi Labo. Tangu jioni ile.

Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa pili, nilisimama bustanini nikiwa nimekunja uso kabla ya kuanza. Baba anakata, mimi natafuna, natema, natoa hukumu. "Namba tatu, uchungu." Inang'olewa. "Namba tano, uchungu kidogo." Inang'olewa, baba hakujua neno kidogo. "Namba tisa, mubaya kama kawaida lakini haina uchungu." Inapita. Majirani waliopita njiani walifikiri ni adhabu. Mbegu zilizopita zilikaushwa, zikagawanywa katika chupa mbili za dawa. Moja ya kupanda. Moja ya témoin, kabatini, nyuma ya picha ya pili ya harusi.

Na sasa ungamo.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita kulikuwa na mechi, mtaa wetu na mtaa wa juu, na mimi ndiye nilikuwa mlinda lango, kwa sababu ya urefu tu, si kwa akili. Baba hakuwepo siku hiyo, alinikabidhi kisu. Vijana walikuwa wananipigia mluzi kwenye ukuta. Nikapita mashina yote mbio mbio: nzuri, nzuri, nzuri, nzuri. Sikutia hata moja mdomoni. Mama aliandika kila neno nililosema, kwa penseli, akiniamini.

Tulifungwa mabao manne, kama unataka kujua.

Mwaka uliofuata bustani nzima ilikuwa chungu. Si uchungu wa kupanda ngazi. Huu ulivunja mlango. Hata mbuzi alikataa. Nilisimama na kipande mdomoni, baba amesimama mbele yangu na kisu. Nilingoja kofi. Baba akaingia ndani, akarudi na chupa ya kabatini, zile mbegu za zamani kabla ya uongo wangu. Akaiweka kiganjani mwangu, akanikunjia vidole juu yake.

"Mutu anasemaka bongo," akasema, yaani uongo. "Témoin haisemake bongo. Njo maana inakaa."

Akang'oa bustani yote kwa mkono. Tukaanza upya. Sikuwahi kujua kama alikuwa anasema juu yangu au juu yake na lile dirisha. Labda yote. Alikufa bila kuniambia, nami nilikufa ganzi bila kuuliza.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu wa jiografia, nikaoa Odette, binti wa kutoka Sandoa, ambaye ndiye mtu wa kwanza kula tango katika nyumba hii kwa hiari yake, na anakula lote, na ganda, na kichwa, na anasema ni zuri hata lile la uchungu. Nampenda sana, lakini kama maabara hana faida. Mama aliendelea kupanda. Alikuwa hajui kama Mama Ngalula yuko hai. Hakupata barua. Kila mwaka alipanda, nami nilionja, na matango tuliyapeleka sokoni au kwa watawa. Nilipomwambia mara moja, kwa upole wa mtu anayetaka kupumzika mwezi wa pili, kwamba labda tungeacha, alinitazama kama mtu niliyemwomba auze mtoto.

Mwaka jana, kabla hajatuacha, hakuniuliza habari ya nyumba wala ya kaburi. Aliuliza, "Labo, chupa iko wapi?"

Mwaka huu basi nilipanda peke yangu, kwa mara ya kwanza. Na mwaka huu huu, majuma matatu yaliyopita, simu ikalia nikiwa shuleni. Sauti ya mwanaume, pole, nzito. "Mi niko Mukendi, mutoto ya Mama Ngalula. Niko natumika kazi Fungurume kwa mugodi. Mama ametoka Mwene-Ditu, kule Kasai, yuko kwangu. Padri wa Manika njo alitupatia namba yako. Anauliza…" akasita, nikasikia anaona haya. "Anauliza kama konkombre zake ziko."

Nikamwambia ziko. Nilisema kwa sauti kubwa, nusu ya walimu wenzangu wakageuka.

Halafu nikakata simu, na hofu ikaingia. Mvua zilikawia mwaka huu, na bomba letu lilikaa kavu karibu mwezi mzima. Nilichota maji kwa ndoo, lakini mwalimu wa jiografia ana mgongo wa mwalimu wa jiografia. Tango lililokosa maji linakuwa chungu. Miaka thelathini na zaidi, mama mmoja katika kaburi na mwingine njiani, na mimi peke yangu katikati. Nilijiambia: tulia, Labo, utaonja. Hiyo ndiyo kazi yako.

Na Mungu, anayependa mzaha, akanitumia mbu.

Jana asubuhi nilijikokota bustanini, nikakata namba moja, nikatafuna. Uchungu! Namba mbili, uchungu. Saba, uchungu. Nikapiga magoti, homa ikinisahaulisha dawa, nikidhani nimeharibu kazi ya wazazi wangu wote wawili. Kisha nikaonja sukari. Uchungu. Ilikuwa kinini. Ulimi wangu, kitu pekee ambacho katika maisha yangu kimekuwa bora kuliko cha mwenzangu, ulikuwa umefungwa siku chache kabla ya kuhitajika.

Nikamwita Odette. Akatafuna namba moja. "Iko muzuri." Namba mbili? "Muzuri." Saba? "Muzuri sana! Unaziweka chumvi?" Nikakaa chini.

Tukachagua namba saba kwa sababu ya umbo lake. Ndivyo watu wanavyochagua wakikosa akili.

Leo saa sita gari lilisimama. Mama Ngalula akashuka akishikilia mkono wa Mukendi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, au ukuta wetu ndio ulionidanganya utotoni. Hakuja moja kwa moja mlangoni. Alisimama mbele ya nyumba ya jirani, ile yake, ambayo sasa ina rangi ya bluu na mlango wa chuma. Odette akamwendea. "Mama, bale ba pale ni batu ba bulongo, ba muzuri, tunaweza kubabishia hodi."

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nimeiona. Inatosha."

Akageuka, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Weye njo Labo? Ulikuwa na magulu ya korongo!"

"Ndiyo, Mama."

"Naona ile korongo imekula kiboko."

Odette alicheka mpaka akashika ukuta. Wanawake hawa wawili wamejuana dakika mbili tu.

Tukakaa mezani. Kuku, bukari, sombe ya majani ya muhogo, na katikati, juu ya sahani nyeupe, tango namba saba, zima, na kisu kando yake. Mukendi alisali. Amina ilipotoka, Mama Ngalula hakugusa kuku. Alivuta ile sahani, akalishika tango, akalipima uzito mkononi, akalinusa upande wa kikonyo. Kisha akaniinulia macho.

"Umeionja?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita tena. Niliwasikia vijana wakipiga mluzi ukutani. Neno lilikuwa pale pale, jepesi, tayari: ndiyo, Mama, nzuri. Nani angejua? Kabati lenye picha ya pili ya harusi liko nyuma ya kiti changu, na sikugeuka kulitazama.

"Nimeionja, Mama, lakini ulimi hauko," nikasema. "Niko na kinini mu kinywa tangu siku ine. Hata sukari iko uchungu. Mwaka huu sijue kama iko muzuri. Nisikubongopee."

Mukendi akatazama sahani yake. Halafu Mama Ngalula akaanza kutikisika mabega, nikafikiri analia.

"Kinini!" akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Miaka yote hii, Mungu anamungojea na kinini! Basi leta, mi mwenyewe nitaonja."

Akakata kichwa. Akakisugua mviringo, polepole, vile vile, mpaka likatoka povu jeupe. Akalifuta kwa kitambaa chake. Akakata kipande chembamba pale pale kwenye kikonyo, pabaya kuliko pote, akakitia mdomoni. Meno hayakubaki mengi, kwa hiyo ilichukua muda. Alitafuna macho yamefungwa. Kijiko cha Odette kilisimama hewani.

"Hii haiko yangu," akasema.

Nilikuwa naona mkono wa mama ukichimba udongo, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya tango la mtu mwingine asiyejulikana.

Akakata kipande cha pili. Akatafuna. "Yangu ilikuwaka uchungu. Pa kikonyo pale, siku zote, hata mvua ikiwa mingi. Njo maana nilikuwa nasugua. Bwana yangu alikuwa anaikataa kwa ile." Akafungua macho. "Hii haina. Umbo ni yangu, harufu ni yangu. Uchungu hakuna. Mulifanya nini?"

Nikamweleza. Vibandiko vya bati, kisu cha baba, chupa mbili, ulimi wangu. Nikamweleza hata mechi na mabao manne. Alisikiliza bila kunikatiza, akiendelea kukata na kula, mpaka nusu ya namba saba ilikuwa imekwisha.

"Na mama yako, alikuwa anaipenda konkombre?"

"Hapana, Mama."

"Baba yako?"

"Hapana. Mu nyumba hii hakuna mwenye anaipenda, ila Odette tu."

"Na mulipanda."

"Kila mwaka."

Akaweka kisu chini. Alitamka jina la mama, mara moja, bila kuongeza kitu. Akainamisha kichwa, na sisi tukatazama kuku wetu.

Odette alikuwa amemsogezea Mukendi kipande, naye akakirudisha kwa heshima. "Nisamehe, dada. Mi pia sikulake." Akanitazama mimi. "Yangu haiko ya ulimi. Kule gare siku ingine tulikula ile tu, na mudogo yangu alikuwa anagonjwa. Nikisikia harufu yake, niko kule."

Sikujua walikuwa na mtoto wa pili, na mama hakuwahi kunitajia. Alizaliwa kule kule gare, chini ya plastiki, akabaki kule. Nilimwambia Mukendi kwamba katika nyumba hii hatumlazimishi mtu. Tukawa wanaume wawili wasiokula tango, tumekaa bega kwa bega, kila mmoja na sababu yake, na yake haitatoka kwa kuchagua mbegu.

Kabla hawajaondoka nilileta chupa mbili. Nilitaka kumpa zote, ni zake. Akachukua moja, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake. Ya pili akanirudishia kiganjani.

"Hii ikae hapa," akasema. "Mi nimeona gare, mwanangu. Kitu ya bulongo usiiweke yote pahali pamoja."

Baba angesimama kumpa mkono.

Wameondoka. Nimeandika kibandiko kipya cha chupa, kwa penseli ya mama: jina la Mama Ngalula, na chini yake jina la mama. Nimeirudisha chupa kabatini, nyuma ya picha. Nina fahari, shajara, na nitaisema bila kujikunja: familia yangu ilifanya jambo moja zuri, kwa muda mrefu, bila kuona raha yake. Hatukuweza kuzuia treni ile. Dirisha lilifungwa, na halifunguki kwa kuandika. Lakini tango tulilinda.

Nikampigia Chantal kumsimulia. Akasema, "Papa, mi pia sipendake. Tangu mudogo. Nilikuwa naipatia mbuzi."

Miaka yote nimekuwa namkaripia mtoto huyu mezani kwa kuchagua vyakula! Nimemwambia akija likizo asilete nguo nyingi, alete ulimi.

Kinini inakwisha Jumatano. Alhamisi asubuhi, kabla ya chai, nitashuka bustanini na kisu cha baba. Kuna matunda mawili yamebaki kwenye shina namba saba, moja la kuonja, moja la mbegu. Nitakata pale kwenye kikonyo, nitatafuna, nitakunja uso.